Maisha ya Branch Rickey, Mpangaji wa Timu

Kila msimu wa michezo unapokwisha hapa shuleni, bwenini kwetu huanza mchezo mwingine usiohitaji mpira wala uwanja. Kila mtu huchukua kipande cha karatasi akaandika timu ya muhula ujao: nani alinde mlango, nani aachwe, nani apandishwe kutoka Kidato cha Pili ambaye watu bado hawajamtambua. Mabishano huendelea mpaka taa zinapozimwa. Asubuhi karatasi zile hufagiwa pamoja na takataka, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu mwenye mamlaka ya kupanga timu.

Kule Marekani wapenzi wa mchezo wa besiboli wana desturi kama hiyo. Mchezo wao huchezwa tangu mwezi wa Machi au Aprili hadi Oktoba, kisha baridi huingia na viwanja hufungwa. Tangu zamani, katika miezi hiyo ya baridi, watu wameketi karibu na jiko la moto wakitaja majina ya wachezaji ambao wangependa timu yao iwanunue, na ya wale ambao wangependa iwauze. Matumaini yao huwa makubwa sana wakati huo, maana timu isiyocheza haiwezi kufungwa.

Muhula huu nimependa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye karatasi zake hazikufagiwa. Jina lake ni Branch Rickey. Hakuwa mchezaji hodari, wala hakuwa tajiri wa kununua kila alichokitaka. Walakini kwa kazi aliyoifanya wakati viwanja vimefungwa alibadili mchezo wa taifa zima, na kwa jina moja aliloliandika mwaka 1945 alibomoa ukuta uliokuwa umesimama kwa yapata miaka 60.

Kwa faida ya wale wasioujua mchezo wenyewe, nitaueleza kwa maneno machache. Timu mbili hushindana, kila moja ina watu tisa uwanjani. Mtupaji hutupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu, na mpigaji wa upande wa pili hujaribu kuupiga kwa gongo la mti. Akiupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi salama mahali alipoanzia timu yake hupata pointi moja. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, ambaye kazi yake ni kudaka mipira inayopita na kuwazuia wakimbiaji wasiibe vituo. Kazi hiyo ya mdakaji ndiyo Bwana Rickey aliyoanza nayo.

Utoto wake na masomo yake

Wesley Branch Rickey alizaliwa tarehe 20 Desemba 1881 kusini mwa jimbo la Ohio. Wazazi wake walikuwa wakulima na Wakristo wa madhehebu ya Methodisti. Mama yake, Emily, alimlea katika dini kwa bidii sana, na kijana alimwahidi kwamba hatacheza mpira siku ya Jumapili. Ahadi hiyo aliishika maisha yake yote, ingawa, kama tutakavyoona, ilimgharimu.

Nyumbani kwao fedha zilikuwa haba. Kabla ya kwenda chuoni alifundisha shule ndogo ya kijijini, na usiku alijisomea Kilatini peke yake. Hatimaye aliingia chuo cha Ohio Wesleyan, katika mji wa Delaware, jimbo la Ohio. Huko alijilipia masomo kwa kufanya kazi na kwa kucheza mpira wakati wa likizo. Kwa kuwa alikuwa amelipwa fedha kwa kucheza, hakuruhusiwa tena kuichezea timu ya chuo, basi akafanywa mwalimu wa timu hiyo hali yeye mwenyewe bado ni mwanafunzi.

Katika timu ile alikuwamo mdakaji mmoja mweusi, jina lake Charles Thomas. Siku moja timu ilisafiri kwenda mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Walipofika hotelini, karani aliwapa Wazungu wote vyumba, lakini Thomas akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Rickey alibishana sana, na mwishoni akapata ruhusa ya Thomas kulala kwenye kitanda kidogo chumbani mwake. Usiku ule alimwona kijana yule ameketi, analia, akiisugua mikono yake kana kwamba angeweza kuitoa rangi. Charles Thomas baadaye alisoma akawa daktari wa meno. Rickey naye alilisimulia jambo hilo mara nyingi mpaka uzee wake, akisema kwamba halikumtoka moyoni. Tulikumbuke, maana tutalirudia.

Mchezaji asiye na bahati

Mwaka 1904 Rickey alimaliza masomo yake ya kwanza, akasajiliwa na timu ya Cincinnati ya ligi kuu. Jumapili ilipofika aliwaambia wakubwa wake kwamba hatacheza, wakamwachisha kazi kabla hajacheza hata mchezo mmoja. Baadaye alichezea St. Louis Browns, na mwaka 1907 akachukuliwa na timu ya New York iliyoitwa Highlanders, ambayo siku hizi ndiyo Yankees. Wakati huo bega lake lilikuwa limeumia. Tarehe 28 Juni 1907 aliwekwa awe mdakaji, na wapinzani wao wa Washington wakaiba vituo mara 13 katika mchezo mmoja, asiweze kuwazuia. Hesabu hiyo ikawa ya aibu katika vitabu vya kumbukumbu za ligi, na muda si muda akaacha kucheza.

Mwaka 1906 alikuwa amemwoa Jane Moulton, waliyefahamiana tangu ujana. Walijaliwa watoto sita, mabinti watano na mwana mmoja. Walakini shida hazikwisha. Alipatwa na kifua kikuu, akatibiwa milimani huko Saranac Lake, jimbo la New York. Alipopona aliingia Chuo Kikuu cha Michigan kusoma sheria, akahitimu mwaka 1911. Alijaribu kazi ya uwakili katika mji wa Boise, lakini wateja hawakuja. Basi mwaka 1913 alirudi kwenye mpira, safari hii akiwa mtu wa ofisini na mwalimu wa timu ya Browns. Alikuwa na umri wa miaka 31, na mpaka hapo karibu kila kitu alichojaribu kilikuwa kimemshinda.

Timu maskini ya St. Louis

Mwaka 1917 alihamia timu nyingine ya mji ule ule, St. Louis Cardinals. Timu hii ilikuwa maskini sana na ina madeni. Husimuliwa kwamba alichukua zulia la nyumbani kwake akalitandika ofisini, ili wageni wasijue hali ilivyo mbaya. Mwaka 1918 alikwenda Ufaransa vitani akiwa na cheo cha meja, na aliporudi alianza kuitengeneza timu.

Taabu yake ilikuwa hii. Siku zile wachezaji wapya walinunuliwa kutoka timu za miji midogo. Rickey alikuwa na jicho zuri, aliweza kumwona kijana hodari kabla ya wengine. Lakini kila alipouliza bei ya kijana, mwenye timu ndogo aliwapelekea habari matajiri wa New York au Chicago kwamba Rickey anamtaka fulani. Matajiri walijua kwamba anayetakiwa na Rickey si bure, wakaongeza fedha, wakamchukua. Kwa hiyo macho yake yalikuwa yakiwatajirisha wenzake, na timu yake yenyewe ilibaki chini.

Basi akawaza kama mkulima anavyowaza. Asiyeweza kununua nafaka sokoni hana budi kupanda shamba lake. Kati ya mwaka 1919 na 1921 Cardinals walianza kununua hisa katika timu ndogo: Fort Smith katika Arkansas, Houston katika Texas, na Syracuse katika jimbo la New York. Timu hizo zilipangwa kama madarasa ya shule. Kijana aliingia darasa la chini, akifanya vizuri alipandishwa la pili, na aliyefaulu darasa la juu aliitwa St. Louis. Rickey alifungua pia majaribio ya wazi ambapo kijana yeyote mwenye viatu vyake angeweza kuja kukimbia, kutupa na kupiga. Kwanza kabisa alitazama mbio, akiamini kwamba miguu myepesi humsaidia mchezaji anaposhambulia na anapolinda pia.

Wenzake walimcheka. Kicheko kilikwisha mwaka 1926, Cardinals walipoishinda Yankees katika fainali kuu iitwayo World Series. Waliishinda fainali hiyo tena mwaka 1931, 1934 na 1942. Mwisho wa miaka ya 1930 timu zao ndogo zilizidi 30, zenye mamia ya vijana. Timu iliyoshinda mwaka 1942 karibu yote ilikuwa imelelewa katika madarasa yale, na miongoni mwao alikuwamo kijana Stan Musial, ambaye alikuja kuwa mmoja wa wapigaji wakuu wa wakati wake.

Mashabiki na miezi ya baridi

Nadhani wasomaji wanaopenda mpira watauliza kama watu wa St. Louis walifurahi siku zote. Hasha. Mwaka 1925 Rickey mwenyewe aliondolewa katika ualimu wa timu na mwenye timu, Sam Breadon, nafasi yake akapewa mchezaji mkuu, Rogers Hornsby. Rickey aliumia sana moyoni, lakini alibaki ofisini akiendelea kutafuta wachezaji. Ndiyo timu aliyoikusanya iliyoshinda mwaka uliofuata chini ya Hornsby.

Ushindi huo haujapoa, Hornsby na Breadon wakagombana juu ya mkataba. Tarehe 20 Desemba 1926, katikati ya baridi, Breadon alimpeleka Hornsby New York, akapewa Frankie Frisch na mchezaji mwingine mmoja. Mashabiki walikasirika kupita kiasi. Ilikuwa kama nahodha wa timu bingwa ameuzwa siku chache baada ya kunyanyua kombe. Lakini Frisch alicheza vizuri sana, naye alikuwamo katika ushindi wa mwaka 1931 na wa 1934. Mwaka 1938 Rickey alimwuza mtupaji Dizzy Dean, kipenzi cha watu, kwa timu ya Chicago Cubs, akapata dola 185,000 na wachezaji watatu. Mkono wa Dean ulikuwa umekwisha kuumia, na Chicago haukurudia nguvu zake za zamani. Rickey aliamini kwamba heri kumwuza mchezaji mwaka mmoja mapema kuliko kuchelewa mwaka mmoja.

Sitaki kumfanya malaika. Alilipa mishahara midogo, na yeye mwenyewe alipata sehemu ya fedha za wachezaji waliouzwa. Waandishi wa magazeti walimdhihaki kwa ubahili. Tena yale madarasa yake yalikuwa na ubaya wao, maana kijana aliyesajiliwa humo hakuweza kwenda kwingine, akaweza kukaa miaka mingi katika mji mdogo akingojea nafasi isiyokuja. Mwaka 1938 msimamizi mkuu wa besiboli, Jaji Kenesaw Landis, aliona kwamba Cardinals wamevunja kanuni, akawaachia huru vijana wao zaidi ya 70 siku moja. Shamba lile liliwalisha wengi, lakini wako waliosahauliwa ghalani.

Brooklyn na jina moja

Mwisho wa mwaka 1942 Rickey aliachana na St. Louis, akaenda kuongoza Brooklyn Dodgers, timu ya mtaa mmoja mkubwa wa New York. Mashabiki wa Brooklyn walisifika kwa subira. Timu yao ilifika fainali kuu mwaka 1916, 1920 na 1941, na mara zote tatu ikashindwa. Kila mwisho wa msimu walifarijiana kwamba mwakani mambo yatakuwa mazuri. Wakati wote wa baridi waliishi kwa neno hilo, na msimu ukija walivunjika moyo upya.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto. Timu nyingi ziliacha kusajili vijana, kwa kuwa walikuwa wakichukuliwa jeshini. Rickey alifanya kinyume. Alituma watu kila mahali wakasajili vijana, akitumaini kwamba vita vikiisha watarudi. Miongoni mwao walikuwa Gil Hodges na Duke Snider, waliokuja kuwa nguzo za Brooklyn.

Lakini kulikuwa na watu ambao hakuna timu ya ligi kuu iliyowatazama kabisa. Tangu mwaka 1884, alipocheza Moses Fleetwood Walker katika timu ya Toledo, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kucheza ligi kuu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu kimya kimya. Wamarekani Weusi walikuwa na ligi zao wenyewe, zenye wachezaji wa ajabu kama Josh Gibson na Satchel Paige, lakini vitabu vya ligi kuu havikuwa na nafasi kwa ajili yao. Waandishi wa magazeti ya watu weusi, kama Wendell Smith wa Pittsburgh Courier, walikuwa wamepigania jambo hili kwa miaka mingi kabla Rickey hajafanya kitu. Haki inatutaka tuwataje.

Jaji Landis alikufa Novemba 1944, na mwaka 1945 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika kuajiri watu. Rickey aliona mlango umefunguka kidogo. Alitangaza kwamba anataka kuunda timu ya watu weusi ya Brooklyn, na kwa kisingizio hicho wajumbe wake wakaenda kutazama wachezaji weusi pasipo mtu kushuku. Yeye alikuwa akitafuta mtu mmoja atakayeweza kubeba mzigo kwa niaba ya wote.

Jina alilolichagua ni Jackie Robinson. Alizaliwa Georgia mwaka 1919, akakulia Pasadena, California. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha California katika Los Angeles, akawa mashuhuri huko kwa michezo minne. Jeshini alikuwa luteni, na mwaka 1944 alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kufuatia ugomvi ulioanza alipokataa kuhamia viti vya nyuma ndani ya basi. Mahakama ilimwona hana hatia. Mwaka 1945 alikuwa akichezea Kansas City Monarchs. Basi mtu aliyechaguliwa kunyamaza alikuwa mtu ambaye kwa tabia yake hakupenda kunyamaza.

Tarehe 28 Agosti 1945 Robinson aliletwa ofisini kwa Rickey huko Brooklyn. Walikaa yapata saa tatu. Rickey aliondoka kitini akaanza kuigiza. Mara akawa karani wa hoteli anayemfukuza, mara mchezaji anayemparamia kwa makusudi, mara shabiki anayemtukana mama yake. Robinson aliuliza kama anatakiwa mtu mwoga asiyeweza kujitetea. Rickey alimjibu kwamba anamtaka mtu mwenye ushujaa wa kutolipiza kisasi, kwa sababu wale wasiomtaka wangefurahi sana kumwona akipigana. Robinson alifikiri, kisha akakubali.

Tarehe 23 Oktoba 1945, msimu umekwisha na baridi inakaribia, habari ilitangazwa kwamba Robinson amesajiliwa na Montreal Royals, timu ya Kanada iliyokuwa darasa la juu la Brooklyn. Wengine walishangilia, wengine walisema hataweza. Mwaka 1946 Robinson aliongoza ligi ile kwa upigaji, na Montreal wakawa mabingwa.

Ndipo ikaja baridi iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kila shabiki wa Brooklyn alijua mahali timu yake inapopungukiwa, na kila mmoja alijua pia ni nani anayeweza kupaziba. Je, atapandishwa au hatapandishwa? Rickey hakusema neno. Mapema mwaka 1947 alipeleka mazoezi ya timu Havana, Cuba, ili kuepuka sheria za ubaguzi za Florida. Baadhi ya wachezaji wa Brooklyn walianza kutengeneza hati ya kumkataa Robinson. Mwalimu wa timu, Leo Durocher, aliwaamsha usiku akawakemea, na Rickey naye akawaambia kwamba asiyetaka anaweza kuhama. Tarehe 10 Aprili jina la Robinson liliandikwa katika orodha ya Dodgers. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia katika uwanja wa Ebbets Field, na ukuta ukaanguka.

Matusi yote yaliyoigizwa ofisini yalikuja kweli, na mengine zaidi. Robinson aliyameza. Alichaguliwa mchezaji mpya bora wa mwaka 1947, na Brooklyn ikafika fainali kuu. Baridi iliyofuata Dixie Walker, mmoja wa wale waliokuwa hawamtaki, aliuzwa kwa timu ya Pittsburgh, na katika mabadilishano hayo Brooklyn ikapata Preacher Roe na Billy Cox, wachezaji wawili waliowafaa sana. Roy Campanella alikuja mwaka 1948, Don Newcombe mwaka 1949, wote wawili watu weusi. Mwaka 1949 Robinson alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yao.

Hapa pia kuna deni ambalo halikulipwa. Rickey alimchukua Robinson bila kuwalipa Kansas City Monarchs hata senti moja. Mashabiki weusi walihamia kuwatazama Dodgers, na ligi za watu weusi zikafifia mpaka zikafa. Tena Rickey alijua kwamba timu yenye ushindi huingiza watu wengi uwanjani. Alikuwa na nia ya haki na nia ya faida kwa pamoja. Mimi naona kwamba nia ya pili haiifuti ya kwanza. Wenye timu 15 waliobaki nao walipenda ushindi na fedha, na kwa miaka yote ile hakuna aliyethubutu.

Mavuno aliyoyaona kwa mbali

Mwaka 1950 Walter O'Malley alishika usukani wa Brooklyn, na Rickey akauza hisa zake akaondoka. Alikwenda Pittsburgh Pirates, timu iliyokuwa mkiani. Hali ilizidi kuwa mbaya. Mwaka 1952 walishindwa mara 112 katika michezo 154, na mashabiki walimlaumu vikali. Alikuwa ameanza kupanda tena tangu mwanzo, na mbegu hazioti kwa siku moja.

Tarehe 22 Novemba 1954, msimu umefungwa, ulifika wakati ambapo kila timu iliruhusiwa kuchagua mchezaji asiyelindwa katika timu ndogo za wenzake. Brooklyn walikuwa na kijana wa Puerto Rico waliyemwacha Montreal bila kumchezesha sana. Watu wa Rickey walikuwa wamemwona. Pittsburgh walimchukua kwa dola 4,000 tu. Kijana huyo alikuwa Roberto Clemente.

Mwaka 1955 Rickey aliacha uongozi wa Pittsburgh, timu ingali mkiani. Mwaka huo huo Brooklyn waliishinda Yankees, wakapata fainali kuu yao ya kwanza, wakiwa na Robinson, Campanella, Newcombe, Hodges na Snider. Mwakani iliyongojewa ilikuwa imefika. Na mwaka 1960 Pittsburgh nao waliwashinda Yankees, wakiwa na Clemente na wengine aliowakusanya Rickey. Mara zote mbili mpandaji hakuwamo katika timu siku ya mavuno.

Katika uzee wake alijaribu kuanzisha ligi kuu ya tatu. Ligi hiyo haikucheza hata mchezo mmoja, lakini zile ligi mbili za zamani ziliogopa zikaongeza timu mpya, ndiyo maana Houston na New York walipata timu zao mwaka 1962. Tarehe 13 Novemba 1965, katika mji wa Columbia, Missouri, alikuwa akihutubia watu waliokusanyika kumheshimu. Alikuwa akizungumza habari za ushujaa, akaanguka. Hakupata fahamu tena, akafariki tarehe 9 Desemba 1965, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 84. Robinson alikwenda kumzika. Mwaka 1967 jina la Rickey liliwekwa katika jumba la heshima la besiboli, ambamo la Robinson lilikuwamo tangu mwaka 1962. Robinson alifariki mwaka 1972. Mwaka 1997 iliamuliwa kwamba namba yake, 42, isipewe tena mchezaji mpya yeyote katika timu zote za ligi kuu.

Wasomaji wapenzi, mimi si mchezaji hodari. Katika karatasi za bwenini jina langu huandikwa mara chache, na mara nyingi ni mimi mwenyewe niliyeliandika. Lakini tangu niliposoma maisha ya Bwana Rickey nimeacha kuandika timu ya muhula ujao kwa majina yale yale ya muhula uliopita. Kwanza hujiuliza ni nani ambaye hatujamtazama, kisha hujiuliza kwa nini. Mara nyingine sababu ni ya haki, kijana hawezi mchezo. Mara nyingine ni mgeni tu, au ni mpole, au anatoka kidato cha chini, au hana viatu. Muhula huu niliandika jina moja la namna hiyo, nikalipeleka kwa mwalimu wa michezo badala ya kuliacha lifagiwe. Amesema atamtazama siku ya kufungua shule. Nasi tutamtazama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne